Imani Huingia Chunguni kwa Njia ya Mkono

Hotuba kwa wafinyanzi, walimu na wanafunzi wa sanaa

Wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni. Walimu, mafundi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokuja na udongo bado kwenye kucha, habari za asubuhi. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Nimetoa salamu zote hizo kwa sababu nimeombwa nizungumzie imani na ufinyanzi, na humu ndani wamo watu wa dini mbalimbali wanaochimba udongo katika shimo moja. Jambo lenyewe si geni kwetu. Aliyesoma Kurani anajua Surat Ar-Rahman inavyosema kwamba mtu aliumbwa kwa udongo kama wa mfinyanzi. Aliyesoma Biblia anajua jinsi Yeremia alivyoambiwa ashuke mpaka nyumbani kwa mfinyanzi, akamkuta yuko kazini, chombo kikaharibika mkononi mwake, naye akakifinyanga upya kuwa chombo kingine. Vitabu vyote viwili vimemchukua mtu wa kazi yetu ili vituambie habari za Mungu. Mimi leo nataka kuuliza kutoka upande wa pili. Mfinyanzi mwenyewe anapoamini, imani yake inaingia wapi kwenye chungu? Kwenye pambo? Kwenye umbo? Kwenye bei anayomtajia mteja?

Nimeamua kulijibu swali hilo kwa kumfuata mtu mmoja, Bernard Leach, Mwingereza aliyezaliwa Hong Kong mwaka 1887 na kufariki St Ives, kwenye mwambao wa Cornwall, mwaka 1979. Najua wapo watakaouliza kwa nini niende mbali hivyo wakati bibi zetu wapo. Nina sababu zangu. Leach aliandika waziwazi, kwa miaka mingi, juu ya imani yake na kazi yake, na wafinyanzi wengi duniani hawakupata nafasi hiyo. Tena mnyororo wa mafundi ulioanzia kwenye karakana yake ulipita Nigeria ukamfikia binti wa Nairobi ambaye leo vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Na lipo jambo ambalo yeye na rafiki zake walilifundisha kwa nguvu ya imani, nami silikubali hata kidogo. Nitalifikia.

Mama yake Leach alifariki wakati wa kumzaa. Babu na bibi wa kwa mama, waliokuwa wakiishi Japani, wakamchukua na kumlea miaka ya mwanzo, kisha akarudi kwa baba yake. Alipofikisha miaka kumi alipelekwa Uingereza, katika shule ya Wajesuiti ya Beaumont. Ukatoliki wa shuleni hakudumu nao. Alisoma kuchora, akafanya kazi benki kwa muda kwa kuwa ndivyo ukoo ulivyotaka, akaichukia, na mwaka 1909 akapanda meli kurudi Japani, nchi iliyomlea akiwa mchanga. Alikusudia kufundisha Wajapani kuchora picha kwenye bati la shaba na kuzichapa. Udongo haukuwamo katika mipango yake.

Mwaka 1911 alialikwa Tokyo kwenye mkusanyiko wa wasanii na waandishi. Wageni walipewa vyombo vilivyokwisha kuchomwa mara moja, wakapewa na brashi, kila mtu apambe apendavyo. Vyombo vikapakwa glezi, ule uji ambao moto huugeuza kuwa mng'aro wa kioo, vikaingizwa palepale kwenye tanuri dogo, na baada ya muda mfupi vikatolewa kwa koleo vikiwa vyekundu kama kaa. Wajapani huuita uchomaji huo raku. Leach alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na kuanzia hapo hakutaka tena kitu kingine.

Akatafuta mwalimu. Akampata mzee Urano Shigekichi, wa sita katika mlolongo wa mafundi wanaorithishana jina la Kenzan. Mzee alikuwa maskini, na kazi ya aina yake ilikuwa imepitwa na wakati mjini. Rafiki wa Leach, Tomimoto Kenkichi, alikwenda naye kama mkalimani, na mwishowe yeye pia akawa mfinyanzi, tena mmoja wa wakubwa kabisa wa Japani. Mzee aliwaandikia wote wawili hati ya kurithi elimu ya Kenzan, pamoja na siri za glezi ambazo kwa kawaida fundi angemwachia mwanawe.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana wanaosimulia maisha ya Leach hupita haraka. Hiyo ilikuwa miaka ambayo Mzungu aliyekwenda Asia alikwenda kufundisha au kutawala. Kijana huyu alikwenda kufundisha, kisha akakaa miguuni pa mzee maskini asiyejua Kiingereza, akaanza kukanda udongo kama mtoto. Wakati huo hakuwa na dini yoyote ya kuitaja. Lakini mimi nikiulizwa ibada yake ya kwanza ilikuwa ipi, nitasema ilikuwa hiyo. Anayekubali kufundishwa amekwisha kukiri kwamba elimu haikuanza naye, na moyo usioweza kukiri hilo sijui utasali vipi.

Rafiki mwingine aliyempata Japani alikuwa Yanagi Soetsu, msomi aliyependa vyombo vya watu wa kawaida kuliko dhahabu za watawala. Leach alimwonyesha Yanagi kazi za William Blake, mshairi na mchoraji wa Kiingereza aliyeona malaika juu ya miti, naye Yanagi akamwonyesha Leach fikra za Kibudha. Walibishana na kuandikiana barua kwa karibu nusu karne. Yanagi ndiye aliyeweka msingi wa harakati ya sanaa ya watu iitwayo mingei, na mwaka 1936 akafungua Tokyo makumbusho yake, ambayo hadi leo yapo.

Fundisho la Yanagi nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndipo imani na ufinyanzi vilipogusana kwa uwazi kuliko mahali pengine ninapopajua. Katika Ubudha wa Japani kuna madhehebu yanayofundisha kwamba mtu hawezi kujiokoa kwa nguvu zake. Anaokolewa na ahadi ya Buddha Amida, na kazi yake ni kuliita jina hilo kwa moyo wa kuamini. Yanagi alilichukua fundisho hilo akalipeleka kwenye karakana. Alisema fundi maskini anayefinyanga bakuli lilelile tangu asubuhi mpaka jioni, siku zote za mwaka, hana muda wa kujivuna wala kufikiria uzuri. Mkono wake umezoea mpaka umesahau. Basi uzuri unapokuja humjia kama neema, kutoka kwenye nguvu iliyo nje yake.

Mfano wake mkubwa ulikuwa bakuli moja la chai linaloitwa Kizaemon, ambalo yeye mwenyewe aliliona mwaka 1931. Limehifadhiwa katika hekalu la Daitoku-ji, Kyoto, ndani ya sanduku lililomo ndani ya sanduku jingine, na limetangazwa kuwa hazina ya taifa la Japani. Lilifinyangwa Korea zaidi ya miaka mia nne iliyopita, kwa matumizi ya nyumbani ya watu wasio na kitu. Udongo wake ni wa kawaida, glezi imejikunja na kujikusanya kwenye kitako, na alama za gurudumu zinaonekana pande zote. Mabwana wa chai wa Japani walilitazama wakaona hawajawahi kuona kitu kizuri zaidi.

Kuna ukweli mzito humu, na wenye mikono yenye sugu mnaujua. Chungu kizuri kuliko vyote vya wiki mara nyingi ni kile kilichotoka mchana, wakati mkono umechoka kujionyesha na akili inawaza chakula cha watoto. Huwezi kukiagiza. Ukikaa kesho yake kukirudia kwa makusudi, kinakataa. Mtu wa dini atasema hiyo ni baraka. Mimi pia husema hivyo, na huwa nashukuru kwa sauti pale pale nilipokaa.

Mwaka 1920 Leach alirudi Uingereza pamoja na kijana wa Kijapani aitwaye Hamada Shoji, wakajenga karakana St Ives na tanuri la kupanda mlima kwa mtindo wa Japani, la kwanza la aina hiyo katika nchi za Magharibi. Tanuri hilo huwa na vyumba vilivyopangwa juu kwa juu kwenye mteremko, moto wa chumba cha chini ukipasha kinachofuata, mpaka joto lipite nyuzi 1,200. Sehemu yenyewe waliichagua vibaya. Kuni za Cornwall zilikuwa haba, udongo wa karibu haukufaa sana kwa joto hilo, na vyombo vilivyoharibika tanurini vilikuwa vingi. Tanuri la kwanza lilidhoofika haraka, na mwaka 1923 mjenzi wa Kijapani, Matsubayashi Tsurunosuke, akalijenga upya, mara hii kwa ustadi wa ukoo uliojenga matanuri kwa vizazi. Fedha zilikuwa tabu miaka yote hiyo. Sisi tunao msemo kwamba mfinyanzi hulia gaeni. St Ives pia waliuishi.

Sasa tufike kwenye imani yenyewe. Wakati wa shida zile, Leach alisaidiwa na watu wa Dartington, shamba kubwa huko Devon ambako mume na mke wenye mali, Leonard na Dorothy Elmhirst, walikuwa wakijaribu kufufua vijiji, elimu na sanaa. Huko alikuwapo mwalimu wa uchoraji kutoka Marekani, Mark Tobey, naye alikuwa Mbaha'i. Dini ya Kibaha'i ilianza Iran katika karne ya 19. Mwanzilishi wake, Baha'u'llah, aliyefariki mwaka 1892 akiwa uhamishoni karibu na mji wa Akka, alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, kwamba dini kubwa zote chimbuko lake ni moja, na kwamba wanadamu wote ni jamaa moja. Waliofika Kampala watakuwa wameliona hekalu lao juu ya kilima cha Kikaaya, lililofunguliwa mwaka 1961, la kwanza barani Afrika.

Mwaka 1934 Tobey na Leach walisafiri pamoja kwenda Asia. Walikuwa marafiki wa kuambiana ukweli. Hata hivyo Leach hakukimbilia kujiunga. Alikuwa amekwisha kujaribu njia nyingine na kuvunjika moyo. Alijiunga mwaka 1940, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini, Ulaya ikiwa imeshawaka vita. Mwaka 1941 bomu la Wajerumani likaharibu karakana yake. Akaitengeneza, akaendelea.

Nini kilichomvuta? Naamini ni mambo mawili, na yote alikuwa nayo mikononi kabla ya kuyapata vitabuni. La kwanza ni umoja wa wanadamu. Mtu aliyelelewa Japani, akasomeshwa Uingereza, akafundishwa kazi na mzee wa Kijapani na kujenga tanuri la Mashariki kwenye pwani ya Magharibi, alikuwa akiishi jambo ambalo hakuwa na sala yake. Ubaha'i ukampa sala. La pili ni fundisho la Baha'u'llah kwamba kazi ya mikono, sanaa na ufundi, ikifanywa kwa moyo wa kutumikia watu, huhesabiwa kuwa ibada. Kwa masikio yetu hilo halishangazi. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda wamejenga karakana zao kwa kanuni ya kusali na kufanya kazi, na Muislamu anayetafuta riziki ya halali kwa jasho lake anajua yumo katika utiifu. Lakini kwa Leach, aliyetoka katika dunia iliyotenga Jumapili na Jumatatu, maneno hayo yalikuwa mlango.

Ukiweka mezani chungu chake cha mwaka 1925 na kingine cha 1955, huwezi kuweka kidole ukasema imani iliingia hapa. Hakuandika aya kwenye vyombo. Hakuchora alama za dini yake. Alichora ndege, samaki anayeruka, milima, mti. Chombo chake kinachosifiwa kuliko vingine vyote, mtungi wenye samaki wanaoruka, ni cha mwaka 1931, kabla hajajiunga. Upo York, kwa sababu ulinunuliwa na kasisi wa Kianglikana, Eric Milner-White, aliyekusanya vyungu kwa miaka mingi na kuuachia mji huo mkusanyo wake.

Mimi naiona imani yake kwenye vikombe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, karakana ya St Ives ilianza kutengeneza vyombo vya matumizi kwa wingi: vikombe, bakuli za supu, majagi, vyungu vya kupikia vya kuingiza ovenini. Vilikuwa na umbo moja, bei ya kununulika, na viliuzwa kwa orodha. Mwanawe David ndiye aliyeisimamia kwa sehemu kubwa kazi hiyo, kwa sababu baba alikuwa na tabia ya kusafiri. Fundi mkubwa mwenye jina angeweza kuona aibu. Yeye alikaa na vijana wake akabishana juu ya mdomo wa kikombe: unavyogusa mdomo wa mnywaji, mkono unavyopata nafasi ndani ya mpini wa jagi lililojaa. Yule mama wa Cornwall atakayemimina maziwa asubuhi hatajua kwamba kuna mtu alimfikiria. Kumfikiria mtu usiyemjua, kwa uangalifu wa kiasi hicho, na usishukuriwe: hapo ndipo ninapoiona ibada, kuliko kwenye pambo lolote.

Na kama mna subira ya kuniruhusu, nitaje sahani zake za uzeeni. Alirudia mara nyingi picha ya msafiri wa hija: mtu mmoja mdogo mwenye fimbo, chini ya milima mikubwa. Amechorwa kwa mipigo michache ya brashi, hana uso. Nimeiangalia picha hiyo mara nyingi. Mwaka 1954, akirudi kutoka Japani, yeye mwenyewe alipita Haifa kuzuru makaburi matakatifu ya Wabaha'i, na tangu hapo alisema wazi kwamba kazi iliyobaki ya maisha yake ni kuunganisha Mashariki na Magharibi. Macho yalipomfifia kiasi cha kutofinyanga tena, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliendelea kuandika kwa kumtamkia mtu mwingine maneno ayaandike. Imani haikumfanya malaika. Ndoa zake mbili za kwanza zilivunjika, na waliofanya kazi naye wanasimulia mtu mwenye upendo na mwenye ubinafsi kwa pamoja. Nayasema haya kwa kuwa vijana hudhani lazima kwanza utakaswe ndipo kazi yako ibarikiwe. Wangengoja mpaka wangegeuka mifupa.

Nimefika sasa kwenye lile nisilolikubali.

Yanagi, na Leach nyuma yake, walimsifu fundi asiyejulikana. Walisema uzuri wa juu hutoka kwa mtu asiye na jina, kwa kuwa jina ni nafsi, na nafsi ni ukuta mbele ya neema. Ni fundisho linalopendeza mpaka uulize ni nani aliyekosa jina. Yule Mkorea aliyefinyanga bakuli la Kizaemon hakuamua kutojulikana. Hakuna aliyemuuliza. Bakuli lenyewe limebeba jina la mfanyabiashara wa Kijapani aliyelimiliki. Na wakati Yanagi anaandika, Korea ilikuwa chini ya utawala wa Japani. Namheshimu, maana aliipigania Korea kwa kalamu wakati wenzake wengi wamenyamaza, na aliwafungulia makumbusho Seoul. Lakini hata mpenzi wa vyombo vya mtu anaweza kusahau kumuuliza jina.

Sasa mtazameni Hamada. Aliporudi Japani na kukaa Mashiko, aliacha kupiga mhuri wake kwenye vyombo. Ni unyenyekevu wa kweli, sina shaka nao. Ila vyombo hivyo viliuzwa ndani ya masanduku ya mbao, na masanduku aliyatia saini. Hamada alilishika jina lake mkononi, ndiyo maana aliweza kuliweka chini. Leach naye aliendelea kupiga mhuri wa herufi zake maisha yake yote, ilhali baadhi ya vyombo vikubwa vya uzeeni mwake vilizungushwa kwenye gurudumu na William Marshall, aliyeingia karakanani akiwa kijana wa mji uleule, kisha mzee akavipamba. Kikombe cha mezani kilibeba mhuri wa St Ives peke yake. Sisemi kuna aliyedhulumiwa. Nasema kutokuwa na jina kulishuka kwa walio chini kuliko kulivyopanda kwa walio juu.

Mnyororo ule nilioutaja unalithibitisha hili. Mwanafunzi wa kwanza wa Leach miongoni mwa Waingereza kuwa na jina kubwa alikuwa Michael Cardew, aliyeingia St Ives mwaka 1923. Baadaye alifanya kazi Ghana, kisha Nigeria, akaanzisha kituo cha mafunzo Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Katika jumba la Emir wa Abuja aliona mitungi mikubwa ya maji iliyochorwa mijusi, nge, nyoka na mamba, na hii mara moja ikamfanya aulize: nani ameifinyanga? Jibu lilikuwa Ladi Kwali, mwanamke wa Kigbagyi aliyejifunza kwa shangazi yake kijijini Kwali. Mwaka 1954 akaingia kituoni, mwanamke wa kwanza hapo. Alijenga mitungi yake kwa kamba za udongo, akiizunguka kwa miguu, wakati wanaume walikalia gurudumu. Alionyesha ufundi wake Ulaya na Marekani, Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikampa shahada ya heshima mwaka 1977, na leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Yote hayo yalianza kwa swali la maneno mawili.

Miaka ya 1970 akafika Abuja msichana mwingine, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza kusomea michoro ya matangazo. Hapo Abuja aliwaona Ladi Kwali na wanawake wenzake wakijenga vyungu kwa mkono, naye akaufuata mkono huo. Vyungu vyake havina glezi. Huvisugua mpaka ving'ae, huvichoma vikawa vyekundu kama chungwa, na anapotaka weusi huvichoma tena vikiwa vimefunikwa pamoja na kuni ndogo, hewa ikanyimwa njia, moshi ukaingia kwenye udongo. Mabega ya vyungu hivyo yanapumua. Mwaka 2020 Malkia wa Uingereza alimtunukia cheo cha Dame. Jina lake linajulikana, na vyungu vyake havikupoteza neema hata chembe.

Na kwa wale watakaosema kwamba dini ndiyo inayotutaka tufiche majina, naomba mfungue kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Hema la Mungu linataka fundi, na Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita kwa jina Bezaleli, mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila la Yuda, amemjaza roho yake katika hekima na katika kazi ya ustadi wa kila aina. Anatajwa fundi, baba yake, babu yake na kabila lake, kisha anatajwa msaidizi wake, Oholiabu, na baba yake pia. Kurani nayo inamtaja Nabii Daudi kwa jina kama fundi, kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma na kumfundisha kutengeneza mavazi ya vita. Roho alipomshukia fundi hakumfuta jina. Hata kwa njia ya Leach mwenyewe tunafika hapohapo: kama kweli wanadamu ni jamaa moja, basi jina la mama aliyeketi chini ya mwembe akikanda udongo lina uzito uleule na herufi mbili zilizopigwa mhuri St Ives.

Kwa hiyo wanafunzi, nina ombi moja, nalo ni la kazi. Wengi wenu mtakwenda vijijini likizo hii. Mtakaofika Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye soko la Jumamosi ambako vyungu vya akina mama Wakisi wa Ikombe hushushwa kutoka kwenye mitumbwi, na mtakaokwenda kwengine kokote ambako bado kuna moto wa vyungu, msirudi na picha za vyungu peke yake. Salimieni kwanza, kaeni, subirini mama amalize anachofanya. Kisha muulizeni jina lake, la aliyemfundisha, na udongo unachimbwa wapi. Andikeni kwenye daftari, na picha ikitundikwa ukutani hapa, jina litangulie. Muulizeni pia kama kuna dua au mwiko unaoendana na kuchota udongo au kuwasha moto, na akikujibu, andika kama alivyosema bila kuupamba. Yupo atakayekataa kutajwa. Mwachieni, huo ni uamuzi wake, ila mhakikishe amepewa nafasi ya kuuamua.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naona mikono imeshanyooshwa. Ningependa mafundi wazee waanze kuuliza, wanafunzi wafuate.